Jina Ambalo Mama Hakulitaja

Nilikuwa bado katika umri wa kutumwa chumvi kwa jirani na kurudi nayo imepungua kwa kulambwa njiani, nilipofundishwa kwamba mtoto hatoki tumboni mpaka mama yake aseme ukweli. Ndivyo walivyosema. Mwanamke akishikwa na uchungu, uchungu ukapita kiasi na mtoto akakataa kutoka, basi kuna mwanaume aliyefichwa mahali. Amtaje, njia itafunguka. Asipomtaja atakufa, na kosa litakuwa lake mwenyewe.

Nimesoma chuo kikuu, na huko nilikaa na watu wanaoyaita mambo kama haya utajiri wa utamaduni wetu, kwa sauti ya upole, glasi mkononi. Mimi sina upole huo. Waliousifu huo utajiri mbele yangu hawakuwahi kumwona mwanamke akinyimwa maji kwa ajili yake. Na ukiuliza hapa Goma leo, kila mtu atakuambia si desturi ya kwao, ni ya wale wengine. Ajabu ni kwamba wote wanaijua hatua kwa hatua.

Ilikuwa mwaka ule mlima ulipopasuka na lava ikashuka mpaka katikati ya mji. Tulikaa Katindo, si mbali na kambi ya askari, katika nyumba ya mbao iliyosimamishwa juu ya mawe ya mlipuko wa zamani. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi. Baba yangu alikuwa akileta maharagwe kwa lori kutoka Butembo, na wakati ule alikuwa amekwama mbele ya Rumangabo kwa sababu barabara ilifungwa, leo na kundi hili, kesho na lile. Mama alikuwa na mimba kubwa. Lava iliposhuka tulikimbilia Sake kwa miguu, yeye akitembea ameshika kiuno kwa mikono miwili. Tukarudi baada ya siku chache, maana Sake hakukuwa na chakula na Katindo kulikuwa na wezi. Nyumba yetu tuliikuta. Nyumba ya Koko hatukuikuta.

Koko ni mama wa baba yangu. Alikuwa na nyumba yake Munigi, na shamba, na mbuzi, na vyote sasa vilikuwa chini ya jiwe jeusi lililokuwa likitoa moshi. Alifika kwetu na kitenge alichovaa na rozari yake. Nataka kumtendea haki: alipoteza mchana mmoja kile alichokijenga maisha yake yote. Lakini mtu wa namna hiyo hutafuta wa kumlaumu, na mlima haujibu. Koko akaanza kusema volkano imeletwa na uchafu wa wanawake wanaozungukazunguka kambini. Akisema hivyo, alikuwa akimtazama mama yangu.

Mama alikaanga mandazi mbele ya nyumba, na askari walinunua. Nani mwingine angenunua? Mmoja wao, kijana mrefu mwenye haya, siku moja alimbebea bidoni, dumu la maji, kutoka bombani hadi mlangoni. Basi. Dhambi yenyewe ndiyo hiyo, bidoni ya njano. Mtaa mzima uliiona ikipita, kwa kuwa mtaa wetu ulikuwa na macho mengi kuliko kazi.

Uchungu ulimshika asubuhi. Koko alikwisha kuwaita majirani, wanawake aliosali nao rozari, lakini mama aliniita mimi. "Masika, nenda uniitie Mama Zaituni."

Mama Zaituni hakuwa mkunga. Ninalisema hili mapema kwa sababu wanaosimulia mambo ya zamani hupenda kumgeuza kila mwanamke mzee kuwa daktari wa mitishamba. Huyu hakujua hata mti mmoja. Alikuwa mjane, Mwislamu wa asili ya Maniema, marehemu mumewe alikuwa dereva, na mtaani alijulikana kwa kazi moja tu: kukaa nyuma ya mwanamke anayezaa. Aliketi kwenye mkeka, miguu ameipanua, mwanamke akaegemea kifuani mwake, na hapo alibaki mpaka mambo yaishe. Alisugua kiuno, alipangusa jasho, alisema upuuzi wa kuchekesha. Mwanamke akipelekwa hospitali, alikwenda naye kama gardimaladi wake, yaani mwangalizi wa mgonjwa, akalala sakafuni karibu na kitanda, akafua vitenge vyake.

"Eh, Mama Masika," alisema akivua viatu mlangoni, "mulima yenyewe iliisha kutapika, wewe ungali unajikaza?"

"Usinichekeshe, mama. Inauma."

"Cheka tu. Mutoto atakuja kuangalia ni nani wanacheka bila yeye."

Mama alicheka. Nadhani ndicho kicheko chake cha mwisho nilichokisikia ambacho hakikuwa na kitu kingine ndani yake.

Siku ile ikapita na mtoto hakutoka. Kesho yake asubuhi sauti ya mama ilikuwa imekuwa nyembamba, midomo imepasuka, na macho yanatazama mahali ambapo sisi hatukuwepo. Mama Zaituni akasema aende hospitali. "Miye sijui kitu," alisema, "lakini hii haiendi mbele."

Hospitali iliyokuwa ikifanya kazi ilikuwa upande wa pili wa lava. Gari halikuweza kupita, wala pikipiki. Ilibaki kipoyi, yaani machela ya miti miwili na blanketi, na wanaume wa kuibeba. Wakaitwa, wakaja haraka, majirani wazuri waliotusaidia kubeba vitu wakati wa kukimbia. Walisimama mlangoni na kipoyi chao. Hawakuuliza mama anaendeleaje. Waliuliza, "Ameisha kutaja?"

Hapa ndipo desturi inapoonyesha akili yake. Mwanamke aliyeficha jina akifia juu ya kipoyi, kifo kinawaangukia waliombeba. Wake zao wataharibikiwa mimba, watoto wao wataugua. Kwa hiyo hawabebi. Si kwamba ni wabaya, unaelewa? Wanajilinda tu. Miaka yote hii nimeshindwa kuwachukia inavyostahili, na hilo nalo linanikasirisha.

"Bado," Koko aliwajibu. "Iko na kichwa nguvu huyu."

"Basi tutangoja, mama," akasema mkubwa wao, mzee mmoja fundi wa mbao. Wakakaa juu ya mawe mbele ya nyumba. Mmoja akawasha sigara.

Walikaa. Hospitali ipo, kipoyi kipo, mabega yapo, mama yangu anakufa nyuma ya ukuta wa mbao ambao ungeweza kuutoboa kwa kidole, na wao wamekaa wanavuta sigara wakingoja jina.

Ndani, Koko alikuwa ameondoa kikombe. "Hakuna kunywa mpaka aseme," alisema, akakiweka juu ya kabati ambako mama angeweza kukiona.

"Sema, binti yangu," jirani mmoja alimwambia kwa sauti ya asali. "Hapa tuko wanawake batupu. Jina tu, kisha utapumzika."

"Sina mutu," mama akasema.

"Na ule wa bidoni?" Koko akauliza.

"Alinibebea maji."

"Na wewe ulimubebea nini?"

Wakacheka. Wanawake waliozaa, kila mmoja wao, waliojua kwa miili yao kinachotendeka juu ya mkeka ule, walicheka. Nimesahau nyuso zao nyingi, lakini kile kicheko ningekitambua sokoni hata leo.

"Mama, acha anywe," Mama Zaituni alisema.

"Wewe ni Mwislamu, haya mambo yetu hauyajui."

"Kiu ninaijua."

Koko akamkazia macho. "Mwenye kukaa mugongoni, kazi yake ni sikio. Mutoke wote, huyu abaki naye. Akisema, utaniletea jina mimi mwenyewe."

Maana ndivyo ilivyokuwa: jina husemwa katika sikio la yule aliyekaa nyuma, naye hulipeleka kwa mama mkwe. Wanawake wakatoka. Mimi hawakunifukuza. Tangu asubuhi nilikuwa nimeushika mguu wa mama, na nadhani walinihesabu kuwa sehemu ya mguu.

Mama Zaituni akainamisha kichwa mpaka sikio lake likagusa mdomo wa mama. Nilisikia kila kitu. Mama alisema, "Maji." Akavuta pumzi, akasema tena, "Mama Zaituni, maji."

Basi. Hilo ndilo ungamo la mama yangu.

Mama Zaituni alikaa akiutazama mlango. Niliona taya lake likitembea kama mtu anayetafuna kitu kigumu. Kisha akamlaza mama kwenye mto, polepole, akasimama, akajifunga kitenge vizuri, akaenda mlangoni.

"Ameisha kutaja," alisema.

Koko akamrukia. "Nani?"

"Jina liko kwangu. Abebwe kwanza. Jina halikimbii, mama, huyu ndiye anatukimbia."

Sigara ilizimwa palepale. Palepale! Wanaume wakaingia na blanketi, "pole mama", "taratibu mama", wakamwinua kama yai. Neno moja la uongo, lisilo na ushahidi, lisilo hata na jina ndani yake, liliwainua watu ambao uhai wa mwanamke haukuwainua. Mama Zaituni akapita katikati yao, akachukua kikombe juu ya kabati, akakizamisha mtungini. Mama akanywa mpaka kikombe kikagonga meno yake.

Tulivuka lava mchana. Ilikuwa imeganda juu lakini ndani bado ina moto, na kandambili zangu zilianza kunuka mpira. Mama Zaituni alitembea pembeni mwa kipoyi, mkono wake kwenye paji la mama, akimsimulia sijui nini kuhusu mwanamke fulani wa Kindu aliyezaa ndani ya treni. Wabebaji waliimba ili miguu yao ilingane. Walikuwa wapole, walitokwa jasho, hawakutaka hata asante. Walikuwa wale wale.

Daktari alimpasua mama ndani ya hema la hospitali. Wakapona wote wawili, mama na mvulana. Baadaye daktari alimweleza Koko, kwa heshima, kwamba mtoto alikuwa amelala kingamo, amekatiza tumbo, kwamba asingetoka hata mama angetaja mji mzima, na kwamba wangekaa nyumbani mpaka jioni wangezika wawili.

"Na ni nini kilimulalisha kingamo?" Koko akauliza.

Nimewahi kubishana na maprofesa. Sijakutana tena na hoja iliyozibwa pande zote namna ile. Mama angekufa, ingekuwa ushahidi. Hakufa, ikawa ushahidi pia: alitaja, na mtoto akatoka. Kwamba alitoka kwa kisu, hilo halikumsumbua mtu.

Sasa nieleze jambo la majina. Kwetu Wanande mtoto hupewa jina la zamu yake ya kuzaliwa tumboni mwa mama yake. Mimi ni Masika kwa kuwa ni binti wa kwanza. Mvulana wa kwanza angekuwa Paluku, anayemfuata Kambale, na kuendelea. Koko akakataa kumpa zamu. Hakuna aliyebisha kwamba mama ndiye aliyemzaa, lakini Koko alihesabu kwa upande wa mwanawe, na katika hesabu hiyo mtoto hakuwemo. Padri akambatiza Espoir, yaani Tumaini, na akabaki Espoir tu, jina zuri, linalofaa duka la simu. Baadaye mama alizaa mvulana mwingine. Koko akampokea, akambusu, akamwita Paluku. Kwa hiyo mpaka leo, nyumbani kwetu, mvulana wa kwanza ana kaka mkubwa.

Usidhani hakuna aliyesema ukweli. Baba aliporudi, barabara ilipofunguliwa, Mama Zaituni alikuja mwenyewe, akaketi mbele yake na mbele ya Koko. "Papa Masika," alisema, "nilidanganya ili wamubebe. Muke wako hakutaja mutu. Aliomba maji."

"Sasa unamufunika," Koko akasema.

"Ni kweli, Baba," nikasema mimi. "Nilikuwa nimeshika mguu. Alisema maji."

"Mutoto hasikiagi mambo ya uzazi."

Baba akatazama mikono yake. Alikuwa mtu mwema, watu wote watakuambia hivyo, nami nitakuambia hivyo. Alimsomesha Espoir, alimnunulia viatu sawa na vyetu, hakumpiga hata siku moja. "Haya ni mambo ya wanawake," akasema, akatoka kwenda kuangalia lori lake. Neno moja kwa mama yake lingempa mtoto jina. Hakulitamka siku ile, wala siku nyingine yoyote, na wema wake wote uliobaki niliupokea kama mtu anayepokea chakula akijua kuna chungu kingine kimefichwa.

Uongo wa Mama Zaituni uliaminiwa kabla hajafunga mdomo. Ukweli wake, pamoja na shahidi, haukuaminiwa kamwe. Akina mama wakwe waliacha kumwita; mkalia mgongo anayemeza majina ni hatari. Wanawake wenyewe waliendelea kumwita, kwa mlango wa nyuma, mpaka alipokufa. Na mama yangu alinyamaza. Alikaanga mandazi yake. Nilidhani kunyamaza kwake ni nguvu, na nikajenga hasira yangu yote juu ya hapo, kama nyumba ya Katindo juu ya mawe.

Hivi karibuni mke wa Espoir, Solange, alishikwa na uchungu wa mtoto wao wa kwanza. Mji uko tena mikononi mwa waasi, wengine, au wale wale waliobadilisha sare; nimechoka kufuatilia. Tulimpeleka maternite, kliniki ya uzazi ya mtaani, kwa teksi. Espoir alisimama uani na mkoba wa nguo za mtoto. Mimi na mama tulikaa kwenye benchi la korido pamoja na wanawake wengine wanaongoja. Mama amezeeka. Mkononi alikuwa na rozari ya Koko, aliyoachiwa Koko alipokufa. Solange alikuwa ndani tangu jana yake, na kila muuguzi alipopita mama alimfuata kwa macho.

"Masika," akaniita chini chini.

"Ndiyo, Mama."

"Wameisha kumuuliza?"

"Kumuuliza nini?"

"Wewe unajua ni nini."

Yeye! Katika mji mzima, yeye! Nikasema kwa sauti ambayo benchi zima liliisikia, "Mama, na wewe ulimtaja nani?"

Sikuwahi kumuuliza. Miaka yote hiyo, sikuwahi. Wanawake waligeuka. Mama akasogeza punje moja ya rozari, kisha nyingine.

"Sikutaja mutu," alisema. "Unajua vile nilisema. Ulikuwa umenishika mguu."

"Sasa kwa nini unataka wamuulize Solange?"

"Kwa sababu nilibebwa." Sauti yake ilikuwa kavu, kama ya siku ile. "Nilisema kweli siku nzima, hakuna mutu aliinuka. Zaituni alisema uongo mara moja, wakanibeba. Nilikuwa nalala pale ninasikia wanaume wanavuta sigara, Masika. Wewe ulisikia maneno. Miye nilikuwa nasikia sigara. Kama hana jina, atafute moja, hata la uongo, batu wainuke!"

Nilikuwa na majibu. Nimesoma, majibu ninayo mengi. Yote yalikuwa ya swali jingine. Nilikuwa nimemdhania kuwa hakuamini, au kwamba sasa anaamini, na haikuwa hili wala lile. Alikuwa tu amejifunza bei ya kubebwa katika mji huu, na alitaka kumlipia mkwewe mapema.

"Hapa hakuna kipoyi, Mama," nikasema. "Daktari yuko nyuma ya mlango ule. Hamngojei mtu aseme kitu."

Aliutazama mlango. Aliutazama vile Mama Zaituni alivyoutazama wa kwetu.

"Wanamupa maji?" akauliza.

"Sijui."

Akaniwekea rozari mapajani. Akainuka, akafungua kikapu, akatoa kikombe cha plastiki na chupa, akaenda akagonga. Muuguzi alitaka kumzuia. "Miye ni gardimaladi wake," mama alimwambia, akapita. Mlango ulibaki wazi kidogo. Nilimwona akivua viatu, mwanamke mwenye magoti mabovu, akipanda kitandani kwa shida, akikaa nyuma ya Solange na kumvuta kifuani. Alisema kitu ambacho sikukisikia, na Solange, katikati ya kilio, akacheka.

Watu wa umri wangu husema wamesamehe. Mimi sijasamehe. Koko amekufa, wabebaji wengi wamekufa, baba amekufa na neno lake mdomoni, na bado ninawadai wote kikombe kimoja. Lakini nimeacha kuamini kwamba hasira yangu ndiyo iliyotunza kumbukumbu ya siku ile. Mama ndiye aliyeitunza, mahali pabaya kuliko pangu, na siku ya kuitumia ilipofika alikaribia kukosea, kisha akageuka akachukua chupa.

Espoir aliingia kutoka uani, mkoba mkononi, uso umemsinyaa. Akanikuta nimeshika rozari, akadhani mambo yameharibika.

"Mama yuko wapi? Anafanya nini mule ndani?"

"Kaa chini, Paluku," nikamwambia, nikimpa zamu yake. "Anampa maji."